Mwenye Filamu Hasemi

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za mama yako, na kabla hujauliza: mgongo umepona, macho mazima, ulimi unaujua mwenyewe. Wewe je? Kile kikohozi cha unga kimeisha? Au huko kiwandani mnaoka mikate ya wenzenu huku nyinyi mnalala na chai kavu?

Sasa kaa chini. Filamu yangu imekamilika.

Usicheke. Unakumbuka ile klabu ya wapiga filamu wa mtaani walioniita niwashonee mapazia meusi ya ukumbi wao, mwanga usipenye? Mapazia niliyamaliza, mimi sikuondoka. Ni watu wazima wenye kazi zao: kinyozi, muuza dawa, na yule mwalimu tunayemwita Kata kwa sababu hata akigombana na mkewe husema "kata!" Kila Jumamosi wanaoneshana walichopiga, na hakuna anayelipwa hata nauli. Nilipomwambia kinyozi kwamba kamera anaishika kama mtoto wa jirani, akanikabidhi mimi. Ndiyo ile niliyokuwa nakuandama nayo mpaka siku uliyoondoka.

Wana sheria moja. Filamu ikiisha, watazamaji husema wanavyotaka, na mwenye filamu hasemi. Hatetei, haelezi, haguni. Mimi, mwanangu, kunyamaza! Lakini nimejifunza.

Mwisho wa Aprili klabu zote zinakutana ukumbini kwetu, na kila klabu inaonesha filamu moja tu. Yetu ni yangu. Inaitwa Binti Anaondoka. Flashi yenye filamu nimeizungushia kipande cha pazia, isivunjike njiani. Itazame, uniambie ukweli.

Baba yako mzima. Anapaka rangi nyumba za watu kama kawaida. Tangu alipokuambia hatakusindikiza stendi, amekaa kama mtu aliyemeza funguo. Jina lako likitajwa anakwenda kuosha brashi, hata kama ni safi. Inaniuma, sitakuficha.

Mama yako mpiga filamu

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, na mikate tunakula mpaka tunaikimbia.

Nimeitazama na wenzangu wawili ninaokaa nao. Pale ninapofunga sanduku nikikalia kifuniko, mmoja wao alilia, na hata hanijui vizuri. Mama, una jicho. Nimetembea nikiringa wiki nzima.

Ila mwisho umeniangusha. Niko stendi, nakukumbatia, halafu giza. Napanda basi lini? Badala yake unatuonesha lami na miguu ya abiria, dakika nzima, kamera inayumba. Ondoa hicho kipande. Watu wa klabu nyingine watakucheka, na mimi sitaki mtu amcheke mama yangu.

Kuhusu baba sina jipya. Ile kazi ya ofisini aliyonitafutia sikuiacha kwa kumdharau, nilikuwa nakauka pale kama wino. Nimempigia simu mara ngapi? Anakupa wewe. Hata kuja kunipungia mkono alishindwa. Nimechoka kujikomba, mama. Likizo yangu ni Juni, na kwa hali hii naona bora niimalizie hukuhuku.

Binti yako

24 Machi

Mwanangu,

Nashukuru kwa sifa, nimezisoma mara mbili kwa sauti. Hilo la Juni limenikosesha raha, lakini tuanze na filamu.

Kile kipande ni ugonjwa wa sisi wanafunzi. Tulipoachana kukumbatiana nilibonyeza kitufe nikidhani nawasha, kumbe nazima. Basi lilipoondoka nikabonyeza nizime, kumbe nawasha. Kwa hiyo kupanda kwako hakumo, na kamera ikabaki inaning'inia shingoni ikirekodi chini huku mimi nageuka-geuka nikilia, sioni mbele wala nyuma. Klabu nzima ilicheka. Kila mmoja wao ana kanda ya miguu yake nyumbani. Kata akaniambia nikikate, tena akanisogezea kiti penye mashine ya kuhariri.

Nikamwambia sikati. Na wewe nakuambia hivyohivyo.

Kitazame tena, safari hii ukiwa peke yako, wala usinyanyuke kwenda kupika chai. Zaidi ya hapo usiniulize. Mimi ndiye mwenye filamu.

Mama yako

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sijui niandike nini.

Nilikitazama peke yangu. Basi limeshaondoka, unageuka, na nyuma ya nguzo kuna viatu vya kazini vyenye matone ya rangi ya kijani. Vinatoka nyuma ya nguzo, vinasogea upande wako, vinasimama. Kisha vinarudi kinyumenyume. Wiki ile baba alikuwa anapaka zahanati kijani. Asubuhi ya safari nilimwona anavaa viatu hivyohivyo, akasema anakwenda kazini, akafunga mlango.

Mama, ni baba. Alikuja.

Nimelia, halafu nikakasirika. Muda wote huu nimekuwa nikimlaumu kwa kosa ambalo hakulitenda. Kwa nini hukuniambia? Na je, yeye anajua kwamba yumo kwenye filamu? Usimuaibishe mbele ya watu. Lakini sitasema tena ukikate. Amua wewe.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Wazima? Sisi wazima, na hapa nilipo siwezi kukaa kwenye kiti.

Kwa nini sikukuambia? Ningekuambia, ungesema mama anapaka mafuta ugomvi ili tupatane. Nilitaka umwone kwa macho yako. Na baba yako sikumwambia kwa sababu angeichukua kamera ya watu akaificha darini.

Sikiliza sasa. Klabu ilimpa kazi ya kupaka ule ukuta wa mbele rangi nyeupe, ndio skrini yetu. Kazi aliimaliza jana, leo akabaki nyuma kabisa kuangalia kama rangi inapokea picha vizuri. Ndivyo alivyosema. Ukumbi ulijaa. Ikafika stendi, ikafika miguu, na viatu vyake vikatokea kwenye ukuta alioupaka mwenyewe, vikubwa kuliko mlango.

Taa zilipowashwa, Kata akasema kipande cha mwisho ni makosa ya mkono. Mama mmoja wa klabu ya mbali akakataa, akauliza yule mwenye viatu vya rangi ni nani, na kwa nini hakuaga. Wote wakanigeukia. Nikakaza midomo. Sheria ni sheria.

Baba yako akasimama. Akasema, "Ni mimi. Huyo aliyeondoka ni mwanangu."

 Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika akaniuliza, "Nani mwingine ameiona?" Nikamjibu, "Mwanao." Akaomba kalamu.

Barua yake nimeitia humuhumu. Sijaisoma, ingawa imeniwasha.

Mama yako

30 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Barua sizijui, kwa hiyo nitasema moja kwa moja. Nilikuja stendi. Nilijificha kwa kuwa nilijijua, ningekuona usoni ningekuzuia kupanda, na ulikuwa umeshaamua. Baadaye nikaona aibu kusema nilikuwepo. Aibu ikageuka kiburi, na kila ulipopiga simu nikampa mama yako. Nilikukosea, na nimekukumbuka mno.

Mama yako amechachamaa. Anataka filamu nyingine, ya kurudi kwako. Anasema nisimame stendi nitazame barabara, na wewe eti utaunganishwa baadaye kwa mashine ya kuhariri. Nimekataa. Mimi siigizi.

Njoo Juni. Utakaposhuka nitakuwa mbele ya watu wote, na mama yako aibonyeze hiyo kamera atakavyo.

Baba yako