Baba Mkwe Hawezi Tena Kunipisha Njia

Mpendwa Mama Truphosa,

Naja kwako maana hapa nyumba za reli kila ninayemuuliza ana jibu lake na hakuna lililonifaa. Mimi ni msaidizi katika chumba cha mazoezi cha hospitali hapa Nakuru, kile kilichofunguliwa baada ya polio kuwapitia watoto wetu, na memsahibu aliyekianzisha alinifundisha mimi peke yangu kunyoosha viungo vilivyopooza kisha akahamishwa, nikabaki na ufunguo na kazi yote, na bila kujisifu Mama, mtoto Cheptoo aliyeletwa kutoka Rongai mgongoni mwa mamake sasa anatembea kwa fimbo. Lakini Februari baba mkwe wangu, Mzee Wasike, aliyekuwa akiunganisha mabehewa stesheni, alipatwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza, na daktari anasema mguu ule usipofanyishwa mazoezi miezi hii utakakamaa asisimame tena, na mwenye kuyajua mazoezi ni mimi, na mimi ni mke wa mwanawe Khaemba, na kwetu Wabukusu mzee na mke wa mwanawe hata mkono hawapeani, wakikutana njiani mzee hujitoa pembeni akampisha. Sasa hawezi kunipisha. Nikipita anageuza uso ukutani, na hilo linanichoma kuliko yote. Khaemba anasema, "Kazi ni kazi, wewe mshike tu." Mama mkwe anasema, "Ukimgusa umemzika akiwa hai." Nimewaza hata kuvaa glavu. Na mwisho wa mwezi ndugu za mzee wanamchukua kwenda kwao Kimilili akae kando ya moto angoje siku zake. Tena nikuungamie jambo: dresa mmoja wa kufunga vidonda, Kiprugut, aliniomba mara mbili nimfundishe nikakataa, niliogopa atanipokonya chumba. Nifanye nini?

Naliaka, Nakuru

Naliaka mwanangu,

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, kwa sababu marehemu mume wangu alilala kitandani miaka minne, sote tukimhurumia na kumlisha, na hakuna aliyejua kumnyanyua. Mara ya pili nilikasirika, na nakujibu hasira ikiwa bado ipo.

Glavu! Unadhani heshima ya mzee ni upele, ukivaa mpira haukupati? Desturi iache mahali pake. Khaemba naye anyamaze, kwani si yeye atakayeaibika.

Kosa lako ni ule ufunguo. Ulipewa chumba cha watu wote ukakigeuza jiko lako. Siku ukienda kujifungua, watoto wa Njoro na Rongai wakungoje mpaka wako aache kunyonya? Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama Kiprugut angefundishwa alipoomba mara ya kwanza, leo Mzee Wasike angekuwa ameanza mazoezi, nawe usingekuwa na barua ya kuandika. Nalisema hilo likuume kidogo.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwa Kiprugut, mwombe radhi, umfundishe kila unachokijua, mkijizoeza kwa wagonjwa wengine. Mama mkwe wako naye aje akae hapo aone, ajaribu kwa mikono yake. Yeye ni mkewe, hana mwiko. Mzee aletwe mchana, Kiprugut na mkewe mzee wamshike, wewe ukiwa nje. Khaemba, kama anataka kusema, akaseme na baba zake wadogo wampe mzee miezi mitatu. Kimilili haihami.

Kisha wewe na daktari liandikieni baraza la mji. Ombeni wasaidizi wawili wa kuajiriwa na siku maalum za watu wazima, maana wenye kiharusi ni wengi, wamefichwa nyuma ya nyumba na hakuna anayejua kwamba mtu hufundishwa kusimama upya. Msiombe huruma kwenye barua hiyo. Mtajeni Cheptoo na fimbo yake, na mkiitwa, nendeni naye.

Mzee atasimama, sina shaka. Mguu huo hautaki muujiza, unataka kazi ya kila siku. Na jioni moja utakuwa unatoka hospitali, umwone anakuja na fimbo. Akikuona atasita, kisha atajitoa njiani aingie kwenye nyasi, hatua mbili, tatu, akupishe.

Wewe pita polepole, na usimsaidie.

Mama Truphosa