Maji Yaliyonijia Siku Tatu Mfululizo

Alhamisi. Jua kali, mlima umejifunika. Moyo umetulia, ila aibu ninayo. Kuandika sijui, nasema, simu inaandika.

Siku tatu mfululizo simu ilinitangazia zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa tangu mababu. Kwa kawaida zamu hunifikia mara moja kwa wiki. Nikafungulia. Migomba ikanywa ikashiba. Nikasema Mungu amenikumbuka.

Mungu hakuwamo.

Leo Mama Anjela, jirani yangu mjane, kapita na ndoo bila shikamoo. Nikamfuata hadi kwake. Mchicha anaouza sokoni Kwa Sadala, unaolisha wanawe, umelala chini kama nguo iliyoanguka kambani. Zamu yake haikufika.

Nikampigia mjukuu wangu Neema, aliyetutengenezea programu ya kugawa zamu. Akaja mbio kutoka Rau.

"Bibi, orodha ya maji sijaigusa!"

"Umegusa nini basi?"

Akakuna kichwa. Lugha ya kompyuta, anasema, huja na kazi zake tayari. Mojawapo ni kupanga majina. Jumapili aliongeza kwenye programu yetu orodha ya wageni wa kipaimara, akataka wazee watangulie, kwa heshima. Badala ya kutengeneza kazi yake mpya, akaibadilisha ile iliyokuja na lugha. Kumbe programu nzima inatumia hiyo hiyo moja. Basi wazee tukatangulia hadi kwenye maji, kila siku, na maji yakaisha kabla ya kuwafikia wadogo.

"Mjinga wewe! Ni kama umehamisha jiwe la banio, linalogawa maji kule juu, kwa ajili ya bustani yako, ukadhani wa chini hawataona kiu?"

Akacheka huku analia. Nikampa mtori, ale kwanza. Kisha akairudisha kazi ile kama ilivyokuwa, ya wazee akaitengeneza pembeni, kwa jina lake.

Nikachuma jani la sale, la kuombea msamaha, tukaenda wote wawili kwa Mama Anjela. Kalipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Bibi. Nimesamehe. Lakini mchicha hauli sale."

Kweli tupu. Nimempa zamu zangu tatu zijazo.

Neema alikosea kwa kutojua. Mimi niliona maji yanazidi. Mbona sikuuliza yametoka kwa nani?