Mama, Nyamache Wamekulilia

Kisii mjini,
Ijumaa baada ya sala.

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanakheri, Majengo, Mombasa.

Shikamoo mama. Mguu unaendeleaje? Na lile jino? Natumai wewe na wote waliomo nyumbani mnalala na kuamka salama. Mimi mwili hauna neno, nakula, nalala. Moyo ndio haujatulia, na ukisikia sababu utanipa haki.

Athmani mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole, usiruke mistari. Na ukifika mahali pa kucheka, ujizuie.

Mama, kaa vizuri kwanza. Siku ya soko iliyopita, huko Nyamache, wanawake wamekaa chini matopeni wakakulia msiba. Wewe! Bi Mwanakheri wa Majengo! Kilio hasa, mikono kichwani. Na aliyekuua ni mimi mwanao, kwa ulimi huu huu. Lahaula! Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Kampuni ya sabuni imetupa gari lenye spika juu ya paa na mashine ya sinema ndani. Mimi na dereva wangu Nyabuto, mtu wa huku huku, tunazunguka masoko: Suneka, Nyacheki, Nyamache, mpaka upande wa Nyamira, wiki nzima, kisha tunaanza upya. Tunatundika shuka kubwa, giza likishika tunaonyesha sinema, na kila baada ya muda mimi nashika maikrofoni naisifu sabuni. Mvua ya huku haimwombi mtu ruhusa. Inanyesha wakiwa wamekaa, na hawaondoki ng'o; wanajifunika majani ya migomba wanaendelea kutazama.

Wewe unakumbuka nilivyokuwa nikitoroka chuo cha Kurani kwenda kutazama sinema za wababe wanaofunika nyuso. Ulinichapa mpaka ukachoka wewe. Ulikuwa ukisema, "Hao wababe watakulisha?" Haya, wamenilisha! Ofisi ilipoletewa sinema ya vipande, kila wiki kipande kimoja, ya mbabe mwenye joho, nani angeielewa kama mimi? Mie ndiye niliyekuwa nikigombana na kina Athmani uchochoroni kuhusu nani anaruka juu zaidi na nani risasi haimwingii. Mie ndiye ninayejua kwa nini mbabe hufunika uso: ili maadui wasimjue wakaenda kuwadhuru watu wake. Hilo halina ubishi, nimelishika tangu utotoni.

Basi huyu mbabe nikampa jina la Kiswahili, nikamwita Kipanga. Amejifunika gubigubi. Kichwa chote kimo ndani ya kitambaa, yanaonekana macho tu, mikononi glavu, miguuni suruali ya kubana. Na chupi, mama, samahani, chupi ameivaa juu ya suruali. Pale Suneka mzee mmoja wa kanisa la Sabato alisimama katikati ya watu wote akaniuliza, "Kijana, huyu mtu alivaa nguo gizani?" Watu walicheka mpaka Nyabuto akalala juu ya usukani. Miaka yote ile ya kuwapenda wababe sikuwahi kujiuliza.

Sauti ya sinema ilikuwa imekwisha haribika, inakoroma tu. Nikaizima, nikawa nasema mimi kwa maikrofoni. Kipanga mimi, jambazi mimi, msichana anayepiga mayowe mimi pia. Muziki tulipewa bure: mzee mmoja alikuja na obokano, kinubi chao kikubwa chenye sauti nzito, akakaa kando ya gari, na kila Kipanga akirusha ngumi yeye anazikung'uta nyuzi. Wallahi ngumi zile zilikuwa zinaingia tumboni mwa mtazamaji. Hakuna jumba la sinema Mombasa lenye raha hiyo.

Hadithi yenyewe ni kwamba majambazi wamemteka babake Kipanga, naye anamtafuta. Kila kipande kikiisha anasimama juu ya jabali, joho linapepea, na mimi hapo natoa sauti kutoka chini ya kitovu: "Baba! Baba, niko hapa! Nakuja, baba!"

Wanawake wanalia. Kila soko, kila mara nikitamka hivyo, wanawake wanalia. Nikavimba kichwa. Nikamwambia Nyabuto, "Unaona? Hiyo ndiyo sauti ya Mombasa." Nyabuto akanitazama tu, akaendelea kutafuna muwa wake.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mzee. Nilianza kumwona Nyamache, mbele kabisa, miguu imenyooshwa. Kesho yake nikamwona Nyacheki. Wiki haijaisha nikamwona Suneka, na Suneka si karibu na Nyamache hata kidogo. Kipande ni kile kile wiki nzima! Mtu gani anakwenda mwendo wote huo kutazama kitu alichokwisha kukitazama? Nikajisemea, huyu bibi ni shabiki kunishinda mimi.

Siku moja hapo Nyamache, tumekwisha kuonyesha, naenda kuteremsha shuka, namkuta kasimama nyuma yake. Ana kikapu cha ndizi zilizoiva na kibuyu cha maziwa ya mgando. Anapapasa kitambaa kwa mkono. Nikamwita Nyabuto. Wakazungumza kwa Kigusii kitambo, kisha Nyabuto akavua kofia.

"Huyu mama anauliza kijana yake analala wapi."

"Kijana gani?"

"Huyu wako. Wa shuka."

Nyabuto ikabidi anieleze taratibu. Mama huyu mwanawe aitwaye Mogaka alikwenda Nairobi kutafuta kazi mwaka ule wa Uhuru, na tangu hapo hakuna barua wala salamu. Na mimi, kwa sauti yangu ya Mombasa, nimekuwa nikizunguka masoko yote nikimwita kwa spika. Maana kwa Kigusii, mama, sikia maajabu haya: "baba" ni mama! Baba wao wanamwita "tata." Wanayemwita "baba" ndiye aliyewazaa!

Kumbe wale wanawake walikuwa wakisikia mtoto aliyepotea analia, "Mama! Mama, niko hapa! Nakuja, mama!" Yarabi! Na mimi najisifu.

Nikamwambia Nyabuto, "Mwambie basi kwamba ile ni picha tu. Mogaka angekuwa pale si angevua kile kitambaa, mamake amwone?"

Akamwambia. Yule mama akajibu maneno machache, ananitazama mimi. Nyabuto akatafsiri huku anaangalia chini: "Anasema, Mogaka amefunika uso kwa sababu ya aibu. Amekosa kitu ya kuleta nyumbani. Wewe mwambie atoe hiyo kitambaa. Mama hataki kitu."

Kweli nakwambia, tangu utoto nimebishana na watu juu ya wale wababe, na hakuna hata siku moja mtu aliyenipa sababu kama hiyo. Ndizi akaziacha kwenye gari. Hatukuzila, tuliogopa; zilikuwa za Mogaka.

Sasa dhiki yangu ndiyo ikaanza hapo. Mtu yeyote aliyezitazama sinema hizi anajua kipande cha mwisho kinaishaje: mbabe anavua. Na ndani ya kile kitambaa, mama, mna nini? Mna Mzungu! Mzungu mweupe pe, nywele zimelala. Mimi najua, Nyabuto anajua, yeye hajui, na kila wiki kipande cha mwisho kinakaribia. Usingizi ukanipotea. Nilimbembeleza Nyabuto amweleze vizuri kabla hajajionea mwenyewe mbele za watu. Akakataa katakata. "Huyu mama si mjinga," akaniambia. "Ni wewe ulimwita baba. Wewe mwambie." Na mimi Kigusii changu ni cha kununulia mayai!

Nikafikiri nisiseme tena "baba." Nilijaribu hapo Nyacheki. Kipanga akasimama juu ya jabali, nami nikanyamaza. Ilikuwa kosa! Watu wakaanza kupiga kelele, "Baba! Sema baba!" Wakalitikisa gari. Nikafikiri kukificha kipande cha mwisho, lakini bwana mkubwa wa ofisi alikwisha tangaza, na angenifukuza siku hiyo hiyo.

Ikafika siku yenyewe, Nyamache. Watu hawana idadi. Yeye yuko mbele, amevaa kitambaa kipya kichwani na gauni la kanisani. Amejipamba kumpokea mwanawe, mama. Nilitaka ardhi ipasuke. Kinubi kikapigwa, majambazi wakapigwa, babake akafunguliwa kamba, na Kipanga akapeleka mkono shingoni akakishika kile kitambaa. Akavua.

"Omosongo!" Soko zima. Ndiyo Mzungu hiyo. Wengine wakacheka mpaka wakaanguka, wengine wakakasirika kwamba tumewadanganya muda wote huo, mwenye kinubi akaacha kupiga. Nikazima mashine. Nikajifungia ndani ya gari.

Nyabuto akaenda kuteremsha shuka. Mlango ukafunguliwa, nikadhani ni yeye. Alikuwa yule mama. Hakuwa analia. Akaingiza kichwa, akanitazama mdomoni, akasema kwa Kiswahili chake, "Sema."

Nikajua anataka nini. Nikasema taratibu, bila maikrofoni, "Baba."

Akaitikia kwa kichwa. "Sauti ni yako."

"Ni yangu, mama. Nisamehe."

Akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kwenye taa ya kandili. Halafu akaniuliza, "Na wewe, baba iko?"

Mama, nilikwisha ambiwa! Wiki zote hizo sikufikiri kitu kingine ila neno hilo! Lakini mtu akiniuliza baba, wapi nitamwona mwingine zaidi ya marehemu? Kichwa kimechanganyikiwa, machozi yananilenga, nikamjibu, "Alikufa. Alikufa mimi mdogo."

Lo! Akapiga ukelele ule, nikagonga kichwa kwenye paa la gari. Akakaa chini pale pale matopeni, gauni la kanisani na yote, akaanza kukulia. Wanawake waliokuwa wanaondoka wakarudi mbio. Akawaambia kwa Kigusii, wakakaa nao. Kundi zima, mama, watu ambao hawajakuona hata kwa picha, wanalia kwamba mtoto huyu wa Pwani amezunguka nchi yote akimwita mama kumbe hana mama. Mmoja akanivutia kifuani akanifunika na shuka lake. Nami nalia nao, najua ninacholilia?

Nyabuto akaja anakimbia. "Nani amekufa?"

"Sijui!"

Akawauliza. Akanigeukia, macho yamemtoka. "Wanasema ni mama yako."

"Mama yangu? Wamepata wapi habari? Nani kaleta simu?" Niliamini umekufa, mama. Kwa kitambo hicho kifupi niliamini, na nilikuona umelala pale kwenye kitanda cha kamba, na mimi sipo. Sitaki tena kukuona hivyo.

Halafu Nyabuto akaniuliza, "Wewe ulisema nini?" Nikamwambia. Akajishika kiuno, akataka kucheka, akashindwa, akawaeleza: mama wa huyu yu hai, yuko Mombasa, aliyekufa ni tata.

Kilio kikakatika. Wanawake wakatazamana. Yule mama akainuka, akapangusa matope, akauliza neno moja, na Nyabuto akanitafsiria: "Anauliza, mama yako alikuona mara ya mwisho lini?"

Nikasema ukweli. Miaka mitatu sasa. Nikaeleza kwamba nimekuwa nikingoja nipate kitu cha maana cha kurudi nacho, nisiingie Majengo mikono mitupu.

Alinizaba kofi, mama! Mbele ya soko zima! Kofi lililonigeuza shingo, na hakuna hata mmoja aliyemzuia. Nilimtazama Nyabuto, nikidhani atanitetea. Yeye akasikiliza kwanza anachosema yule mama, kisha akanitafsiria pole pole, neno kwa neno:

"Anasema hiyo si yake. Hiyo ni ya mama yako, amekupigia kwa niaba. Yake amemwekea Mogaka."

Athmani, ukimaliza hapo mpe mama maji.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nakuja na treni ya wiki ijayo kutoka Kisumu. Sina kitu mkononi, mama, nakwambia mapema usije ukatazama mizigo.

Nisalimie mjomba Bakari, umwambie sijaisahau ahadi ya kumtafutia kipande cha jiwe la sabuni la huku Kisii. Dada Zuhura na shemeji, na watoto wao. Bibi mzaa baba, umsemeshe kwa sauti asikie. Na jirani yetu fundi cherehani, kama bado anasema sinema zimeniharibu, mwambie nakuja tubishane.

Mimi mwanao, ambaye shavu la kushoto bado linamwaka,

Salimu.