Mwalimu Jovitus, Kemirembe Atatembea Mwenyewe

Mwaka umekatika, Mwalimu Jovitus, tangu tukulaze kwenye migomba yako hapa Nyakasimbi, na bado unatukera.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa sisi. Miaka ishirini na miwili uliwafundisha wanafunzi wasioona kutembea kwa fimbo nyeupe, kumenya ndizi, kuwasha jiko, kupiga pasi shati. Hayo tuliyavumilia. Ulipoanza kutufunga vitambaa machoni na kutuamuru tumimine chai, ulituchosha kweli. Dada yako Auleria aliimwaga yote mezani, akasusa kuja kwako hadi Pasaka.

Na Kemirembe, binti yako asiyeona, tulidhani humwonei huruma hata kidogo. Alipojikwaa, mama yake alikimbia, nawe ukamvuta mkeo gauni. "Mama Novatus, mwache. Akilijua jiwe leo, kesho atalipita." Mlibishana mpaka ndizi zikaungua jikoni. Binti akarudi kutoka kisimani na ndoo imejaa, nawe ukaendelea kumenya ndizi nyingine, jambo lililotuudhi zaidi.

Ulipofariki, tukapata nafasi ya kumpenda kwa njia yetu. Fimbo tukaificha darini. Tukamshika mkono hadi mlango wa choo. Kahawa tukaianika kwenye njia yake, kwa kuwa hakuwa tena na haja ya kupita.

Mwezi uliopita alitoroka kwenda kisimani, akapotea kwenye migomba yetu wenyewe, karibu kabisa na nyumba. Kaka yake Novatus alipomtoa, Kemirembe alituambia, "Aliyekufa ni Taata, baba yangu. Mimi mmenizika kwa kosa gani?" Tuliona aibu, Mwalimu, na hatujapona.

Basi umeshinda, na inatuuma kukiri. Kahawa tumeihamisha. Fimbo anayo, na kila asubuhi anajifunza upya yale tuliyomsahaulisha. Jumapili, siku ya misa ya kukuombea, atatoka hapa nyumbani hadi kanisani bila kushikwa na mtu. Anaogopa. Sisi tunaogopa kuliko yeye.

Unakumbukwa na mkeo Placidia, Mama Novatus wako, wanao Novatus na Kemirembe, dada yako Auleria, na wanafunzi wako popote walipo. Hutatutoka moyoni kamwe, hata tukitaka.

Mama Novatus atamfuata binti yake hatua kumi nyuma, mikono ameifumbata mgongoni. Tuombee asiifumbatue.