Kivuli cha Shavuni

Rønne, Bornholm
9 Novemba, 1851

Mpendwa kaka Jeppe,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Kopenhagen? Ottilie naye, na mtoto wenu, wanaendeleaje? Baba hajambo, bado anagombana na saa zake mezani kutwa nzima. Mimi ni mzima. Ningependa kusema sote tu wazima, ila nitakuwa mwongo.

Ile picha ya Sidsel uliyoitaka imetukosesha raha. Mchoraji, Bwana Thorlund, huja kila Jumanne saa nne asubuhi na kumkalisha dada yetu kwenye dirisha la kaskazini, maana eti mwanga wa huko haubadiliki. Wiki ya kwanza alichora uso, mzuri ajabu. Wiki ya pili akaongeza kivuli chini ya shavu. Ya tatu akakiongeza tena!

Baba akawaka. "Wewe bwana, unanizeeshea mtoto! Kivuli hicho umekitoa wapi?"

"Mzee, dirisha ni lilelile, saa ni ileile," akajibu huku anafuta brashi. "Mimi naufuata uso tu."

Sidsel akacheka. "Mwache, Baba. Angalau nimepata mwanamume wa kunitazama." Kicheko kikageuka kikohozi, akaficha leso haraka. Niliiona damu, kaka.

Alinikataza nisikuambie. Daktari kaja mara mbili, naye hatutazami usoni.

Jumanne hii ilibaki mikono tu kuchorwa, na Sidsel hakuweza kuketi. Akaniita chumbani, akanivisha gauni lake jeusi, akanifunga kola. "Nenda ukakae, Boel. Ila usijikune, wasije wakasema nilikuwa na upele." Kumbe yeye na Thorlund walishapatana hivyo tangu wiki ya pili! Nilikaa saa mbili nimevaa nguo za dada yangu aliye hai, nikiogopa hata kupumua.

Jeppe, bahari ikiganda hutapita. Acha kazi, acha kila kitu, panda meli ya kwanza. Picha imekwisha. Mikono ni yangu, uso ni wake. Njoo uuone uso huo ungali unaweza kukujibu.

Nisalimie Ottilie na mtoto. Baba anakusalimu. Sidsel pia, nimemdanganya kwamba nakuandikia habari za baridi.

Mungu akuwahishe.

Dada yako akupendaye,
Boel