Utani wa Wilfred Kuhusu Kaburi la Mama

Jumatatu, 3 Mei 1954

Mwalimu Halvorsen ameichagua insha yangu! "Ziwa Letu Jipya." Nitaisoma ufukweni wiki ijayo, Jumamosi, mbele ya wageni wa serikali waliojenga bwawa. Amesema nikisoma vizuri, bila kumeza maneno, ataniombea nafasi sekondari ya mjini. Naitaka sana. Sijamwambia mtu.

Sentensi moja ameifuta – ile ya Bibi kulia siku tuliyohama bonde la mto Missouri kupisha maji ya bwawa. Eti haina furaha. Nimeinakili upya bila hiyo.

Miti ya plamu imechanua, ndiyo dalili ya msimu, kwa hiyo Bibi anapanda mahindi. Huku juu udongo ni kama jivu, na upepo unauchukua kabla hajafukia mbegu. Mwaka jana hazikutoka hata mbegu za kumtosha kunguru. Anapanda tu.

Jioni kaniambia: mwambie baba yako kisima kinatoa maji ya chumvi. Baba alikuwa palepale chini ya dirisha, anasikia kila neno! Nikatoka nikamwambia. Baba akasema: mwambie bibi yako nitaleta pipa. Nikaingia nikasema. Kwa desturi yetu, mkwe na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani. Bibi akiingia, Baba anatoka. Zamani Mama ndiye aliyekuwa mdomo wao. Sasa ni mimi.

Alhamisi, 6 Mei

Nimekwenda na Bibi makaburini, mlimani. Tulimpelekea Mama supu ya mahindi na beri kavu. Misalaba yote ni mipya, myeupe, sawasawa kama meno ya watu wa matangazo.

Mama hakuzikwa kanisani bondeni. Bibi alitaka alale pembeni ya bustani, karibu na mahindi. Mwaka jana, msimu wa majani kuanguka, kampuni ya kuhamisha makaburi ilituletea sanduku lenye jina lake. Walituambia wamemfukua wenyewe na msalaba wa zamani wameuchoma. Hawakuruhusu mtu kwenda kutazama.

Bibi alimimina supu polepole. Alisema siku hizi Mama anakula vizuri kuliko alipokuwa hai.

Jumamosi, 8 Mei

Dukani na Bibi. Watu wengi, maana lori la unga limefika. Wilfred alikuwepo.

Wilfred ni mtani wangu. Baba yake na baba yangu ni wa ukoo mmoja, na kwetu huo ndio utani, basi ana haki ya kunisema lolote mbele ya watu, ingawa ana mvi. Mwaka jana alifanya kazi na wale wa makaburi. Alipaza sauti:

"Pisheni, bibi mwandishi wa ziwa anapita! Mwenzenu ana haraka. Anataka maji yajae upesi, mama yake apate kuoga."

Watu wakaanza kucheka. Akaendelea: "Mlimani kwenu mnalisha mawe. Mawe yenyewe yameshaanza kunenepa."

Nilihisi masikio yanaungua. Lakini nilicheka. Bibi alinifundisha tangu mdogo: anayemkasirikia mtani ni mtu asiye na kwao. Nikamjibu kwamba hata yeye akioga samaki watahama. Duka zima lilicheka. Wilfred peke yake hakucheka. Akaenda kubeba unga.

Nilijibu vizuri, nadhani.

Jumapili, 9 Mei

Kanisani leo ni siku ya akina mama. Ua jekundu kwa mwenye mama hai, jeupe kwa aliyefiwa. Mlangoni Wilfred kanipa jeupe, akasema nilivae nikienda kusoma insha, huko nitamwona yule ninayemvalia.

Huyu mtu hachoki! Nikacheka tena. Adabu ni adabu.

Jumamosi, 15 Mei

Siwezi kuandika kwa mpangilio.

Wageni walikuja na magari. Viti vilipangwa mteremkoni, upande wa juu wa bustani zetu za zamani, ambazo maji sasa yamezifunika. Maji ya kahawia, mapana, yametulia. Vichwa vya miti vimechomoza kama watu wanaosikiliza. Mwalimu alininyooshea kola.

Nikaanza. "Mto wetu Missouri, uliokuwa mkali, sasa umetulizwa kwa faida ya wote." Niliinua macho, kama nilivyofundishwa, kila mwisho wa sentensi. Nikauona.

Msalaba. Ule wa zamani, wa mti wa mtoni, aliouchonga Baba. Maji yalikuwa yamefika kwenye mikono ya msalaba. Na kikombe cha Mama cha bati, cha bluu, alichokipigilia Baba kwa msumari – kinang'aa juani.

Hawakuuchoma. Hawakuwahi kufika pale.

Niliendelea kusoma. Mpaka mwisho. Sikumeza neno. "Na watoto wataogelea, na mashua zitapita." Walipiga makofi. Mama mmoja mwenye glavu nyeupe akaniuliza kama nitapenda kujifunza kuogelea. Nikasema ndiyo, asante.

Mwalimu alikuwa na machozi. Amesema nafasi ya sekondari ni yangu.

Jumapili, 16 Mei

Baada ya ibada nilimfuata Wilfred kwenye lori lake. Hakutania.

Alisema ile wiki kule kulikuwa na matope, na msimamizi hakutaka kushusha tingatinga kwa ajili ya kaburi moja. Wakajaza sanduku mawe, wakaandika jina. Msimamizi akaapa kwamba atakayefungua mdomo hapati kazi tena, yeye wala nduguze.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema:

"Nilikuambia. Dukani, mbele ya watu wote. Mtani kazi yake nini kama si kusema lile ambalo ndugu hawawezi? Nilijua utakwenda nyumbani umwambie baba yako. Siku ile maji yalikuwa bado hayajafika bustanini. Tungemtoa kwa majembe, mimi na yeye."

Kisha akasema: "Ukacheka. Ulicheka vizuri sana, mtoto. Umelelewa."

 

Jumatatu, 17 Mei

Leo sikwenda shule. Asubuhi nilimwambia Baba. Aliondoka na lori bila kunawa uso. Alirudi suruali imelowa mpaka kiunoni. Alisema sasa kinaonekana kichwa cha msalaba tu. Hakushuka. Alisema, huku anatazama usukani: mwambie bibi yako.

Bibi alikuwa jikoni, anakoroga supu ya leo. Nilisimama. Nikamwambia yote – matope, mawe, kikombe cha bluu.

Aliendelea kukoroga.

"Huo ni utani wa Wilfred," alisema. "Niliusikia dukani. Mwachie mwenyewe. Wewe si mtani wangu."

Nikasema nimeuona msalaba kwa macho yangu. Akasema chukua sufuria, twende, mama yako hapendi supu iliyopoa. Nikasema Bibi, mlimani hakuna mtu. Akanipiga kofi. Hajawahi kunipiga.

Ndipo tuliposikia mlango wa lori. Viatu vya Baba kwenye ngazi. Alijua Bibi yumo ndani – moshi unaonekana, sauti inasikika. Aliingia. Baba yangu, ambaye hajawahi kukanyaga chumba alimo Bibi, aliingia na matope yake akasimama mbele ya jiko, kofia mkononi.

Bibi alijifunika uso kwa shali. Mwiko ulianguka. Baba hakutoka.

Mimi nikatoka. Naandika hapa kwenye ngazi. Supu inaungua, nasikia harufu yake, na hakuna anayeiondoa. Nasubiri mmoja wao aniite nimpelekee mwenzake neno.

Mpaka sasa hajaniita mtu.