Nani Ataitetea Likasi Sasa

Tata,

Tumeshuka daraja. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kwanza, kabla hujauliza habari za Mama wala za nyumba. Sisi wa Kolwezi tumeshuka na ninyi wa Likasi mmeshuka, siku moja, uwanja mmoja, bila hata bao la kusingizia. Ungecheka mpaka ukohoe.

Nimekaa kwenye cherehani yangu huku Dilala, mtaa ninaofanyia kazi. Mbele yangu kuna gauni la mtu, mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado, na sina hamu nao. Tangu uondoke, baba yangu, sikai mahali pamoja. Nikianza kupika natoka nje, nikitoka nje nakumbuka moto, narudi. Mama anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa hiyo nimechukua karatasi ninayokatia kola, nimeigeuza nyuma, nakuandikia. Labda nikikueleza yote nitatulia.

Kwanza nikuambie kilichotuvuruga. Siku ya kukuzika, kaka yako alitaka tukupeleke Likasi. Mama akakataa. Alisema umeishi Kolwezi tangu ujana wako, watoto wako wamezaliwa hapa Musonoi, na barabara ile na malori yake si njia ya kumpitisha marehemu. Tukakuzika hapa. Tata Mukubwa, huyo kaka yako, hakubishana mbele ya watu, unamjua, mtu wa kanisa, hapandishi sauti. Lakini kilio kilipokwisha na watu wamekunja mikeka, alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Mulimuzika ku bugeni." Ugenini, Tata. Akapanda pikipiki akaenda zake. Tangu siku ile neno hilo linakula nasi, linalala nasi.

Na wewe ndiwe uliyempa neno lenyewe! Nimekukasirikia sana kwa hilo, bora nikuambie. Nani katika Dilala nzima hakukusikia? Kila siku ya yenga, Jumapili watu wakitoka kanisani, wewe ulikuwa umeshakaa kwa Ya Déo kinyozi, mguu juu ya mguu, unangoja wa kugombana naye. Huku ndevu zako zimepakwa sabuni unasema, "Kule kwetu ku Likasi, mupepo iko muzuri. Apa munakula bulongo tu." Hewa nzuri kwenu, udongo kwetu. Unawatajia milima, unawatajia miti mikubwa ya barabarani inayomwaga maua, maji yanayotoka bombani bila kubembelezwa. Mtu akikuuliza habari ya timu yako, iliyokuwa inapigwa kila wiki, unamwangalia kama amekuuliza bei ya chumvi. "Timu inapigwa, ndiyo. Lakini muji haipigwe."

Mimi ndiye niliyekuwa nakujibu. Wengine walikuchoka, au walikuheshimu mno kwa kuwa ulikuwa mzee wa reli. Mimi nilikuwa naacha nguo za watu nakuja kusimama mlangoni kwa Ya Déo na sindano bado iko kifuani. Nilikuambia Likasi ni mji wa kulala. Nilikuambia timu yenu inacheza kama wazee wanaotafuta miwani. Timu yetu ulikuwa unaiita Mavumbi, hukuwahi kuitaja kwa jina lake hata mara moja. Nikakuambia mavumbi yetu yanalisha hata watoto wenu. Nikakuambia Kolwezi mtu haulizwi ametoka wapi, anaulizwa anajua kufanya nini. Unakumbuka siku hiyo? Banda zima la kinyozi lilipiga makofi. Wewe ulifumba macho ukamwambia Ya Déo, "Nyoa, mon frère, huyu mama anatuletea kelele." Uliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, hata ukinitukana uliniita Mama.

Sijawahi kukushinda. Hukuwahi kukubali, hata kidogo, hata kwa kutikisa kichwa. Jambo hilo lilikuwa linaniuma kuliko ulivyojua.

Sasa nyumba yetu ya Musonoi. Ukuta wa chumbani kwenu umepasuka tena, safari hii unaweza kuingiza kiganja. Wanalipua mawe kwenye shimo la mgodi karibu kila siku, na vyombo vya Mama vinacheza kabatini. Watu wa kampuni wamepita wakapiga alama ya kubomolewa kwa rangi kwenye milango ya mtaa wetu wote, kwa hiyo hapo Musonoi hatubaki. Mimi nilifikiri tutakuja Dilala, jambo limekwisha. Mama akasema hapana, tunaenda Likasi, Tata Mukubwa ametupa vyumba vyake vya uani kule Kikula. Nikamuuliza, na kaburi? Na wateja wangu? Akaniambia, "Tata yako alilia Likasi maisha yake yote. Mi nilimukatalia kurudia kule. Sasa siye twende, ajue tulimusikia."

Tulikosana, Tata. Mama na mimi, ambao hatujui kununiana, tulipitana ukumbini kama wapangaji. Mimi nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga. Je, kama ni kweli? Kama kwa kelele zile zote kwa Ya Déo ulikuwa unatuomba, nasi tulidhani ni mpira? Nilikuwa nashona nauliza swali hilo, natembea nauliza swali hilo. Nilimkatia mama mmoja suruali badala ya sketi.

Mwishowe Mama akasema, "Enda uangalie kwanza, halafu useme." Na siku yenyewe ilikuwa siku timu zetu zinakutana kule Likasi, mechi ya mwisho, sisi wa mwisho kabisa na ninyi juu yetu kidogo. Ungesema Mungu naye anapenda mchezo. Nikavaa jezi, nikapanda lori la mashabiki pamoja na vijana wa mashimoni, tukapiga ngoma mpaka Fungurume, baada ya hapo vumbi la malori likatunyamazisha.

Likasi nilikuwa naijua kwa misiba na harusi tu. Unafika, unaingizwa uani na wanawake, unamenya vitunguu, unarudi. Safari hii nilienda kuangalia vile vyumba, ni vizuri, nisiseme uongo, na hewa kweli ni nzuri. Nilikasirika kuona hewa ni nzuri. Tata Mukubwa alikuwa kanisani, nami nikashuka kwa miguu hadi uwanjani.

Kando ya ukuta wa uwanja kuna fundi viatu, mzee, wanamwita Tata Mwape. Ana benchi, na benchi limejaa wazee wanaokunywa munkoyo wanangoja mpira. Wewe unawajua. Mimi sikuwajua. Mmoja akaona jezi yangu akapiga kelele, "Ona, Mavumbi imefika!" Nikasimama. Mdomo wangu ulijibu wenyewe, kama ulivyokuwa unakujibu wewe: "Mavumbi yetu inalisha hata batoto yenu!"

Benchi zima likageuka. Tata Mwape aliacha kugonga msumari akanitazama. "Weye, ile maneno ulitoa wapi?"

Nikasema ni yangu.

"Apana. Ile maneno iko ya Tata Kolwezi."

Sikuelewa. Nikamuuliza Tata Kolwezi ni nani, nao wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mutu ya reli! Ule mwenye kukaa apa, na kofia! Anatusumbua na Kolwezi yake! Na mmoja akakunja mguu juu ya mguu, akafumba macho, akatoa sauti yako, sauti yako kabisa, Tata: "Kule kwetu ku Kolwezi, mutu habamuulize anatoka wapi. Banamuuliza anajua kufanya nini."

Mwizi wewe!

Miaka yote ile. Nakupigia kelele mlangoni kwa Ya Déo, unafumba macho, unajifanya husikii, kumbe unafunga maneno yangu kwenye begi lako unapanda nayo treni. Unafika Likasi unayatoa kama yako. Na hata ulipostaafu, zile safari za kwenda kumsalimia kaka, ambaye mpira haujui wala fundi viatu hamjui! Wazee wale walinisomea yote. Lile la mji wa kulala. Lile la wazee wanaotafuta miwani, ulimtukania Tata Mwape timu yake mbele ya uso wake! Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nao wanacheka, mpaka mmoja akauliza, "Na yee anakuya lini? Tulisikia alikuwa na mugonjwa ya kifua."

Hawakuwa wameambiwa. Nani angewaambia? Ilibidi niseme mimi, nikiwa nimesimama, na jezi yangu, na ngoma zinapigwa ndani ya uwanja. Mmoja alivua kofia. Tata Mwape aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye aproni yake taratibu sana, akauliza, "Balimuzika wapi?"

Nikasema, Kolwezi. Nikangoja. Nikaona tena uso wa kaka yako mlangoni, Tata.

Akasema, "Bon, muzuri. Balimuzika kwabo."

Kwao. Alilisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Kisha akanisogezea nafasi kwenye benchi, wakanimiminia munkoyo, na nilipokunywa nilihisi kifua kinafunguka, kwa mara ya kwanza tangu tukupeleke makaburini.

Mechi sitakueleza sana, utateseka. Mshambuliaji wetu alibaki yeye na kipa wenu, akampasia kipa. Wenu walipata penalti, wakaipeleka mtini, wale watoto waliopanda juu ya mti kuangalia ndio walioidaka. Filimbi ya mwisho, bila kwa bila, wote chini. Wazee wa benchi walitoka wanagombana mji gani una aibu ndogo zaidi.

Nilirudi nikamsimulia Mama. Aliniambia nirudie. Nikarudia na sauti yako na miguu yako. Akasema, "Kumbe nilikuwa na mume muongo hivi," akacheka, akajifunika uso na kitenge, na kwa muda mrefu sikujua kama bado anacheka. Alipofunua alisema, "Nikiwa ku Likasi naye, sijamusikia kuiita 'kwetu' hata siku moja. Mi nilizani anafurahi tu kufika." Basi. Tumelitafakari pamoja pale jikoni, tukiwa tumeacha chungu cha bukari kinaungua. Nani anasema 'kwetu' akiwa kwake? Akiwa kwake anasema 'hapa'. Wewe popote ulipokuwa ulikuwa unaulilia mji mwingine, na kila mji ulidhani wewe ni wa mwingine.

Kesho yake Mama alituma ujumbe kwa Tata Mukubwa, wa heshima, wa kumshukuru. Lile neno la ugenini hakuligusa, alisema tu kwamba mtu wake yuko kwao, naye atakaa karibu naye. Tumepata nyumba Dilala, nyuma ya shule. Ukuta mzima. Mama ameshaanza kulalamika kuhusu jirani, kwa hiyo najua atapona.

Mimi ndiye sijapona. Nilidhani nikifika hapa kwenye barua nitakuwa nimetulia, na ona, nimesimama mara ngapi, nimekunywa maji, nimechungulia nje. Nimehangaika kwa sababu sina wa kugombana naye. Kwa Ya Déo kumekuwa kubaya, Tata. Watu wanakaa, wananyolewa, mtu anasema Likasi ni mji uliokufa, wote wanasema ndiyo. Ndiyo! Halafu kimya, mashine ya kunyolea tu. Nilipita hapo wiki nzima nikisikia hizo ndiyo zao, nikashindwa kushona.

Siku ya yenga iliyopita niliingia. Nilitaka kukaa tu. Kijana mmoja akaanza, Likasi hivi, Likasi vile, hata timu yao haiwezi kufunga penalti. Ya Déo akatikisa kichwa, wote wakatikisa kichwa. Nami nikasikia mdomo wangu unasema, kwa nguvu, mpaka kinyozi akainua mkono asimkate mtu, "Kule kwetu ku Likasi, mupepo iko muzuri!"

Walinitazama kana kwamba nimeingia na mbuzi. Mimi! Niliyewatetea miaka yote! Ya Déo ndiye aliyeelewa kwanza. Alinisogezea kiti chako, kwa mguu, na macho yake yalikuwa mekundu. Kisha wakanivamia wote kwa pamoja, msaliti, mutu ya usingizi, ulirogwa kule, na mimi nikaanza kuwatajia milima.

Sijui kama ninayaamini ninayoyasema. Labda na wewe hukuyaamini. Lakini nakuahidi hili: huku nitaitetea Likasi, na kila timu zetu zikikutana kule nitapanda lori, nitakaa kwenye benchi la Tata Mwape, nitaitetea Kolwezi, hata tukishuka mpaka daraja lisilo na mwamuzi. Maneno ni yangu, nimeyarudisha.

Pumzika, Tata. Wakija huko makaburini kukuzomea, hao vijana wa Ya Déo wameshasema watakuja, wewe nyamaza. Nitawajibu mimi.

Mama yako mdogo,
Ngoie